Aliyefukuzwa Damuni

Ijumaa ile kitanda cha Batuli kilianza kunukia udi, na katika nyumba yao ya Zinga hakuna aliyefukiza.

"Mama, umechoma udi?"

"Niupate wapi? Labda dagaa wangu wamesilimu," Somoe akamtania bintiye. Wakacheka.

Mwezi ule Batuli alikuwa amerudi kutoka ng'ambo mzima, alhamdulillahi. Lupasi, maradhi ya mwili kujipiga wenyewe, yalikuwa yameshinda kila dawa. Madaktari wa kule walichota askari wa damu yake, wakawabadili maabara, wakawafunza kuwasaka wenzao walioasi, kisha wakamrudishia mshipani. Zamani majirani walisema ana jini. Somoe akisema ni maradhi. Yalikuwa yote mawili.

Jumapili, jua likiwa utosini, sauti ya kike ikaita uani: "Hodi!"

"Karibu!" Somoe akaitika, mikono ingali kwenye unga, kama tunavyoitika sote watu wa pwani, ulimi ukitangulia macho.

Hakuingia mtu. Upepo ulikuwa umelala, lakini pazia likainuka, likashuka taratibu, na ile harufu ya udi ikajaa mpaka kooni, na kiti cha pembeni kikalia, kikalia tena, kama kimekaliwa na mtu mzito anayejiweka sawa akitazama huku na huku apaone alipofikia.

Baada ya alasiri akaletwa Sheikh Muzammil kutoka Kerege. Alisoma sana, kanzu ikalowa jasho.

"Toka, kwa jina la Mola."

"Nimeshatolewa," kiti kitupu kikajibu. "Askari wapya wa damu ya Batuli waliniuma. Humu nyumbani sikuvunja mlango. Nimekaribishwa."

Sheikh akamgeukia Somoe, akanong'ona, "Bi Somoe, futa karibu yako. Bila hivyo kisomo hakishiki."

"Afute," sauti ikasema kwa upole. "Nitamngoja Batuli nje. Askari nao huchoka."

"Mwongo huyo!" Sheikh akamaka. "Mtegemee Mungu, mama yangu, futa!"

"Mama, futa," Batuli akalia.

Somoe alifungua kinywa. Mola amsamehe, maana saa ile alimwogopa jini kuliko alivyomtegemea Yeye aliyemwumba jini, na mbele ya macho yake alimwona mwanawe tu, amelala tena miaka na miaka, mwili ukimwaka joto, akilia usiku kwa maumivu.

"Kaa," akasema. "Mwenyeji wako ni mimi."

Kiti kikalia mara moja, kama kimeachwa na aliyekikalia. Batuli akamrukia mama, akamshika mikono, akaiachia upesi. Joto lile alilijua.