Kizibo cha Mzee Lukmani

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nawatangazia wananchi wote, kuanzia Nanganga hadi Newala, habari za ujambazi mkubwa kuliko wote uliowahi kutendeka kusini mwa nchi hii. Mali iliyopatikana: nusu debe la dizeli, na sehemu kubwa ilikuwa maji ya mvua.

Alhamisi, Machi 1974. Saa 10:15 jioni. Chumba cha nyuma, stoo ya majembe ya shule.

Majambazi walikuwa watatu. Selestini wa kidato cha nne, mkuu wa genge, aliyewahi kuvaa miwani ya jua kanisani. Rogath, mwenye debe na mashaka. Jina la wa tatu linahifadhiwa kwa usalama wa taifa. Itoshe kusema alikuwa mrefu, jasiri, na mwenye sura ya kupendeza.

Selestini alichora ramani sakafuni kwa mkaa.

"Kesho kutwa wasichana wa Newala wanakuja kwenye dansi. Jenereta haina mafuta. Mkuu wa shule anasema tucheze mchana."

"Mchana si kuna jua la kutosha?" Rogath aliuliza.

"Nyamaza, we mbuzi. Kesho tunaiba."

Bohari ya mafuta ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Malori ya kwenda mpakani yalijaza pale, kwa sababu ya vita vya Msumbiji. Getini kulikuwa na askari mwenye bunduki. Lakini genge halikuhitaji geti.

Matangi yalizungushiwa ukuta wa saruji. Mvua ikinyesha, maji hujaa ndani ya ukuta. Mzee Lukmani, mwangalizi wa maji hayo, huyachota kwa bakuli jeupe, akayanusa, akatazama kama yanang'aa rangi za mafuta. Yakiwa safi, hufungua koki. Yakiwa machafu, hafungui hata kwa amri ya meneja. Hata yale masafi huyapitisha kwenye mtego ulio nje ya uzio: shimo la saruji, katikati yake kizuizi kisichofika chini. Mafuta yaliyoponyoka huelea upande wa kwanza. Maji hupita chini ya kizuizi, yakatokea upande wa pili, yakaingia mferejini. Mfereji unateremka hadi kisima cha kijiji cha ujamaa.

"Yanayoelea ni uchafu," Selestini alisema. "Tunawasaidia usafi."

"Na Mzee Lukmani?" Rogath alinong'ona. "Kazaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Tone moja likifika kisimani, watasema anamfanyia kazi Mreno. Yule fundi redio aliyeitwa mpelelezi mwaka jana, umemwona tena?"



"Halitafika," Selestini alisema. "Chota juu juu. Chini msiguse kitu."

Ijumaa, saa 6:20 mchana. Mvua.

Walikutana naye njiani, kanzu ameikunja mpaka magotini, anakwenda msikitini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, wanangu. Debe la nini?"

"Tunakwenda kuchota maji ya bustani, Mzee."

Mzee Lukmani alitazama mvua. Akatazama debe.

"Someni kwa bidii," akasema, akaenda zake.

Saa 6:35. Mfuniko wa mtego uliinuliwa. Dizeli ilitanda juu, nyembamba kama ukoko wa uji. Rogath alichota. Maji. Akachota tena. Maji yenye harufu.

Saa 6:50. Kule getini askari alikohoa. Watatu walilala kifudifudi matopeni.

"Kwa mwendo huu tutamaliza Pasaka," Rogath alisema.

Jambazi wa tatu alipata wazo. Huko chini, upande wa pili, palikuwa na kizibo cha mti kilichofungwa gunia, cha kusafishia shimo. Maji yakipungua, yatabaki mafuta matupu. Ndivyo alivyofikiri, na katika fizikia alikuwa na alama thelathini na nane.

"Usiguse!" Selestini alisema.

Kizibo kilitoka.

Maji yalishuka kwa kishindo. Mafuta nayo yakashuka, kiungwana, mpaka yakafika chini ya kizuizi. Yakapita. Yakamwagika mferejini, mekundu, yanang'aa, yanateremka. Mkono ulirudisha kizibo. Nguvu ya maji ikakitapika.

"Mbio!" Selestini alisema.

Saa 9:50 alasiri. Kengele ya gwaride. Wanafunzi wote uwanjani.

Luteni wa jeshi linalolinda bohari alisimama mbele. Kando yake, Mama Sophia wa kijijini, na ndoo. Maji ya ndoo yaling'aa rangi zote.

"Watoto wamekunywa asubuhi, kabla hayajachafuka, Mungu kawanusuru," Mama Sophia alisema. "Jioni tunywe nini?"

Nyuma ya Luteni alikuwa Mzee Lukmani, mikono imefungwa kamba ya katani.

"Daftari lako la kazi linasema leo hukufungua koki," Luteni alimwambia.

"Sikufungua, Afande."

"Mpelelezi angeandika nini zaidi ya hapo? Nyinyi wanafunzi, mtazameni vizuri. Lori linakuja saa kumi kumchukua. Kuna aliyemwona akichezea mtego?"



"Atarudi tu," Selestini alinong'ona bila kufungua meno. "Tuliapa kutotajana."

Mlio wa lori ulisikika kutoka barabara ya Ndanda.

"Afande, Mzee hana hatia," sauti ilitoka mstari wa nyuma. "Alikuwa msikitini. Kizibo tulikivuta yeye ameshaondoka."

Tu. Silabi moja.

Luteni aligeuka taratibu.

"Tulikivuta? Wewe na nani?"

Selestini alitazama mawingu. Rogath alitazama viatu vyake. Na jambazi wa tatu hakuwa mrefu, wala jasiri, na kaptura yake ilikuwa imelowa upya ingawa mvua ilikuwa imekatika.

"Nilikivuta," nikasema. "Peke yangu."

Luteni hakumfungua mzee.

"Sema tena. Safari hii mtazame yeye."

Nikamtazama.

"Nilikivuta mimi, Mzee."