Jina la Kumi na Moja

Jioni ya Jumanne ile binti yangu Hilda alinituma kununua dawa ya tumbo la mtoto. Kutoka nyumbani kwetu Kigera, hapa Musoma, hadi duka la dawa ni hatua mia sita na arobaini. Nazijua, kwa sababu tangu nistaafu upimaji wa ardhi huzihesabu ninapokwenda na ninaporudi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama upande wa ziwa, na hewa ilinuka dagaa walioanikwa mchana kutwa.

Mjukuu wangu alikuwa na umri wa siku thelathini na nne. Jina hakuwa nalo bado, tulimwita Kadogo. Kilichonisumbua ni utaratibu wa kilio chake. Kilianza jua linapozama, kikapanda, kikapasua nyumba, kisha kikakatika ghafla saa moja na dakika ishirini na sita. Nilikiandika jioni nane mfululizo. Tofauti haikuzidi dakika moja.

"Tumbo halijui saa," nilimwambia Hilda.

"Baba, wewe pima viwanja. Mimi niletee dawa."

Nilinunua dawa, nikarudi kwa njia ya banda la video la Isidori. Banda hilo ni mabati na maturubai, na spika yake moja imetazama barabarani. Kwa muda wa wiki moja hivi Isidori alikuwa akionyesha filamu ileile kila jioni: filamu ya wachawi wa Kizungu, iliyoingizwa sauti ya Kiswahili na mpwa wangu Evance, mwenye kistudio chake Bunda. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina mjini. Filamu ya watu thelathini, Evance huwasemea wote peke yake.

Nilisimama mlangoni nipumzishe goti. Ndani watu walikuwa wakicheka. Kwenye skrini mwanamke wa kofia nyeusi aliruka juu ya mapaa akiwa amepanda fagio.

"Fagio la kwetu hilo haliwezi," alisema mmoja gizani. "Vijiti vyake vya chelewa vitamchoma makalio kabla hajafika Bweri."

"Akija kwetu Mugeta anaolewa kesho yake," akadakia mwingine. "Nani ataacha mke asiyetaka nauli?"

Wakacheka tena. Kisha picha ikabadilika. Mwanamke yule alikuwa ameinama juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Midomo yake ikaanza kusogea.

Sauti ya Evance ikashuka, ikawa mnong'ono.

"Mugeta… Wegesa… Magesa… Nyasatu…"

Yalikuwa majina ya wafu wetu.

Kwetu Butiama, mtoto mchanga akilia bila kukoma, mwanamke wa ukoo humpakata na kumwitia waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Jina linalomnyamazisha ndilo lake. Mwenye nalo amekuja kulitafuta. Majina hayo hayaitwi kwa mchezo, wala hayaitwi pasipo mtoto wa kuyapokea. Na huyu Evance alikuwa ameyatia kinywani mwa mchawi wa filamu!

Niliyahesabu kwa vidole. Yalikuwa kumi, kwa mpangilio uleule nilioandika mwenyewe katika daftari la ukoo. La kumi likatajwa.

Mwanamke wa kwenye skrini akafungua mdomo tena.

Sauti iliyotoka haikuwa ya Evance. Ilikuwa ya mwanamke. Kavu… ya taratibu… kama ya mtu aliyetembea mbali bila maji.

"Nyangeta."

Chupa ya dawa iliniponyoka.

Simu ikalia mfukoni. "Baba, rudi tu na dawa yako," alisema Hilda. "Amenyamaza."

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na sita.

Jina lile halikuwamo katika daftari langu. Halikuwamo popote. Niliyehakikisha hivyo ni mimi.

Nyangeta alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyekuwa mwitaji wa majina wa ukoo. Alikuwa na harufu ya samli, kwa kuwa alimpaka kila mtoto samli katika paji la uso kabla ya kuanza kuita. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, watoto wawili aliowaitia walikufa ndani ya mwezi mmoja. Watu wakasema haiti wafu waje, bali anawaita watoto waende. Ukoo ulikaa kikao, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msomi, nikapewa kalamu niandike muhtasari. Azimio la tatu: aondoke kabla ya jua kuzama. Azimio la nne: jina lake lisiitwe tena.

Alipoulizwa ana la kusema, alisema. Baba akanitazama, akatikisa kichwa. Nikaandika: *Mtuhumiwa hakuwa na la kusema.*

Shangazi alipopita karibu yangu aliinama. "Masatu mwanangu, umeandika nilivyosema?"

Nikaifunga kalamu. Siku ya nne alikutwa amekufa kando ya njia, mbele ya kijiji cha Mugeta, midomo imepasuka kwa kiu.

Asubuhi baada ya jioni ile ya banda la video nilikwenda Bunda. Studio ya Evance ni chumba kimoja chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani ili sauti isirudi, na blanketi dirishani. Alinipokea kwa furaha.

"Shikamoo mjomba! Umekuja kuigiza? Nina nafasi ya mfalme mzee, hana meno."

"Nani aliyekuruhusu kutumia majina ya ukoo?"

Akajikuna shingo. "Mjomba, usikasirike. Wale wachawi wanaongeaga maneno hayana kichwa wala miguu. Watu wanasinzia. Nikakumbuka lile daftari ulilomwazima mama. Nikaona niwape kitu cha nyumbani."

"Na yule mwanamke? Ulimleta nani aseme?"

"Mwanamke gani? Humu nipo peke yangu na joto langu."

Akaifungua filamu kwenye kompyuta. Sauti yake ilionekana kama mistari ya vilima. Tulisikiliza. Nilihesabu vilima: kumi. Baada ya cha kumi mstari ulilala sawa, mtupu. Lakini juu, kwenye picha, mwanamke wa kofia nyeusi alifungua mdomo mara moja zaidi… kimya… akaufunga.

"Hapo ndipo niliposhindwa," alisema Evance. "Midomo yake inafunguka mara kumi na moja. Mimi nilikuwa na majina kumi. Nikapaacha patupu."

"Ukaita wafu, kisha ukaacha nafasi."

"Sekunde mbili tu, mjomba."

Nikamwambia aicheze tena. Kumi. Tena. Kumi. Mara ya nne hakuna aliyetazama skrini. Evance alikuwa akinusa hewa, na mimi pia.

"Mjomba," alinong'ona, "umebeba samli?"

Niliporudi Musoma, Hilda alinipokea mlangoni, mtoto mkononi, uso umemkunjamana. Paji la Kadogo liling'aa.

"Baba, ni wewe umempaka mafuta haya? Nilimwacha kitandani nikachote maji. Yananuka kama maziwa ya zamani."

Nilisema si mimi. Sikusema zaidi. Nilikuwa na mpango, na mpango wangu ulikuwa rahisi: kama chanzo ni filamu, iondolewe filamu. Nikamwendea Isidori, nikitarajia ubishi, kwa maana filamu ile ilimjazia banda kila jioni. Alisikiliza, akaangalia pembeni.

"Chukua, mzee. Na mimi nimeichoka. Siku za kwanza yule mama alikuwa anamwangaliaga mtoto. Siku hizi akifika pale mwishoni anaangalia huku… mlangoni. Kama anangoja mtu aingie."

Mlangoni ndipo niliposimama mimi.

Jioni hiyo Isidori alionyesha mpira. Jua likazama. Kadogo akaanza kulia. Nilikaa na saa yangu. Saa moja na dakika ishirini. Ishirini na tano. Ishirini na sita.

Hakunyamaza.

Saa mbili hakunyamaza. Kulipokucha alikuwa bado analia, sauti imebaki uzi. Jina la kwenye filamu ndilo lililokuwa likimnyamazisha: nilikuwa nimekata jibu na kuliacha swali. Siku tatu zilipita hivyo. Titi alilikataa. Kliniki walimpima: alikuwa na kilo nne na gramu mia mbili, sasa tatu na mia saba. Damu safi, mkojo safi, homa hakuna. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, nikaifuta kichwani kabla haijaisha, kwa sababu niliona inakoelekea.

Hilda alinitazama. Macho yake yalikuwa yamezama.

"Baba. Kama kuna kitu unakijua, sema. Mwanangu anaisha."

Nikasema. Kikao, kalamu, azimio la tatu na la nne, njia ya Mugeta. Nilidhani atanifokea. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile alisema nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka zaidi ya arobaini kuyatamka maneno yale. "Alisema: 'Mimi kazi yangu ni kuita. Anayekuja, simchagui mimi.'"

Hilda alimfunika mtoto. "Basi muite, baba. Uliyemfuta ni wewe. Muite wewe."

"Wanaoita ni wanawake."

"Wanawake mliwafukuza."

Tulifunga dirisha. Jua lilikuwa likizama, na nje mbwa wa jirani, aliyezoea kubweka wakati huo, hakubweka. Nilimpakata Kadogo. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Kilio chake hakikuwa na sauti tena. Mdomo ulifunguka na kufumba tu.

Nilianza. Mugeta. Wegesa. Magesa. Nyasatu. Kila jina nililitaja na kungoja pumzi tatu. Mdomo wa mtoto ukaendelea kufunguka. La tano… la saba… la tisa… Harufu ikaingia chumbani, nzito, tamu, ya samli iliyokaa kibuyuni. Hilda akaziba pua kwa khanga. La kumi.

Ulimi ulikataa. Nilijikuta nikimwambia mtoto, au mtu mwingine, sijui: "Shangazi, ulisema. Mimi sikuandika."

Kitasa cha mlango kikagusika.

"Nyangeta," niliita.

Na papo hapo, kabla sijavuta pumzi… nyuma ya mlango… ileile sauti kavu, ya taratibu, kama ya mtu anayemalizia orodha ya mwenzake…

"Masatu."

Mtoto akanyamaza.

Hakuna aliyejongea. Nilisikia nyayo, nyepesi, za mtu asiye na viatu, zikipungua kuelekea barabarani. Nilizihesabu hadi kumi na saba, zikapotea.

"Baba," Hilda alinong'ona. "Kwa nini umejiita?"

"Sikujiita."

"Nimesikia jina lako."

"Na mimi nimelisikia. Niambie, alinyamaza kwa jina lipi? Langu au la shangazi?"

Katika orodha ile hawaitwi walio hai. Hilda alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Alimchukua mwanawe, akampa titi, na Kadogo akalishika kwa pupa hadi maziwa yakamwagika shavuni.

"Kwa la shangazi," alisema mwishowe, bila kuniangalia. "Nyangeta. Ndilo jina lake."

"Uliona?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, baba. Ulikuwa umekuwa mweupe."

Hilo ndilo jina aliloandikishwa. Mtoto amenona, juzi alikuwa na kilo sita kasoro gramu mia moja. Halii jioni. Evance ameyafuta majina yote, na mahali pale ameweka ngurumo ya radi, ndefu, isiyoacha nafasi. Daftari la ukoo nimelisahihisha: muhtasari wa kikao kile nimeuandika upya, maneno ya shangazi yakiwamo, na chini yake saini yangu.

Liko jambo moja ambalo sijamwambia Hilda. Nyangeta sasa ana miezi mitano. Akisikia kijiko kikianguka hugeuka. Paka akilia hugeuka. Nimekaa nyuma yake, umbali wa hatua mbili, nikamwita kwa jina lake mara ishirini, siku tatu tofauti, kwa sauti ileile.

Hageuki.

Jina langu sijalijaribu. Wageni wakifika nyumbani huwawahi getini, na kabla hawajafungua mdomo huwaomba waniite mzee tu.