Alama za Sarafu

Chanthou, fundi wa kushona nguo, alikuwa na pini tatu mdomoni siku Veasna alipoliangusha rundo lake la hariri. Ilikuwa asubuhi, soko la Orussey limefurika, watu wanapigana vikumbo.

"Macho yako yako wapi, bong?" Chanthou alifoka, akizitema pini; bong ni kaka kwa Kikhmer.

"Yalikuwa kwako. Ndiyo maana."

Lo, jeuri hiyo! Na shati lake jeupe lililonyooka kwa pasi! Chanthou akacheka bila kutaka, akamshonea kifungo bure. Mwaka mzima vifungo vya Veasna havikuacha kukatika.

Jumapili moja Veasna alifika kwake amepauka, hata ngazi zimemshinda.

"Umeingiwa na upepo wewe. Vua shati."

Chanthou akachukua mafuta na sarafu ya marehemu bibi yake, akamkwaruza mgongo, ubavu kwa ubavu, kuutoa upepo, kama wanavyofanya wote pale Phnom Penh.

"Taratibu! Unapara samaki?"

"Nyamaza, mtoto wa mama."

Alama nyekundu ni kawaida, huisha zenyewe. Lakini kesho yake mama wa Veasna alipiga simu.

"Umemfanya nini mwanangu? Mgongo mweusi tii! Fizi zinavuja damu! Usithubutu kukanyaga hospitalini!"

Simu ilimponyoka Chanthou, akaitazama mikono yake. Mikono hii hii! Siku mbili hakula, wala hakupokea simu ya Veasna. Siku ya tatu akapokea.

"Mbona unanikimbia?"

"Nimekuua, bong."

"Maiti hapigi simu. Njoo bwana, nimekumiss."

Hospitalini Chanthou alimkuta daktari kando ya kitanda cha Veasna, na mama mtu amenuna pembeni.

"Sarafu haina kosa," daktari alisema. "Ilionyesha tu kilichokuwa kimejificha. Uboho wake hautengenezi damu ya kutosha. Kuna dawa anatumia?"

Veasna akatoa chini ya mto pakiti ya vidonge vya presha. Chanthou akaipokonya, akaisoma.

"Namba ya viatu vyako naijua, na hili umenificha mwaka mzima?"

"Nina miaka ishirini na tisa, Chanthou. Huu si ugonjwa wa wazee? Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo! Halafu ningekupikia bila chumvi!"

Daktari akasema dawa ile, kwa nadra sana, hushukiwa kuharibu damu. Huenda ndiyo, huenda siyo. Angembadilishia, na dada yake angepimwa kama uboho wake unaoana na wa Veasna, ukihitajika kupandikizwa. Kwa sasa ilitakiwa damu, tena upesi. Chanthou alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa blauzi.

Aliporudi na pamba kwenye kiwiko, mama mtu alisimama.

"Nilikukosea, mwanangu."

"Chanthou," Veasna aliita. "Nikipona, nikuoe?"

"Na usipopona?"

Chanthou akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Uliza tena. Vizuri."

"Nikuoe?"

"Ndiyo. Mwaka mzima unakata vifungo, kumbe neno moja tu!"

Mama mtu akatoa uzi mwekundu mkobani, ule wa baraka wanaofungwa mkononi wagonjwa na maharusi. Wa Chanthou aliukaza. Akashika mkono wa mwanawe, akaona pale palipobanwa na kipimo cha presha pamegeuka zambarau. Akaufunga uzi ukaning'inia, usimbane ngozi.

"Mama, huu utadondoka," Veasna alisema.

"Ukidondoka," Chanthou akasema, "nitaufunga tena."