Jino la Mama na Utafiti wa Profesa

Kila asubuhi Profesa ndiye aliyeamka wa kwanza nyumbani kwao. Aliwasha jiko, akachemsha chai, akamvalisha mdogo wake, kisha akasimama mlangoni kwa mama na kusema, "Mama, kumekucha." Mama aliitikia kwa sauti ya kuvutwa, akabaki palepale kitandani.

Profesa alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na mjomba wake kwa kuwa alisoma kila kilichoandikwa, hata maelezo ya pakiti za sabuni, kisha akawafundisha wenzake wapende wasipende. Mama yake alikuwa fundi cherehani, hodari wa kukata uzi kwa meno huku akipiga soga na wateja. Tangu bibi mzaa mama afariki, soga ziliisha. Sare za watu zilirundikana, gego likaanza kumuuma, na mswaki wake ukakauka kwenye kikombe. Kazi zote zikamwangukia Profesa, naye alichoka vibaya, ila hakumwambia mtu.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliwasomea makala ya gazeti. "Watafiti wamegundua kwamba watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi wana meno mabovu kuliko wengine." Kengele ikalia kabla hajamaliza. Wenzake walikimbilia nje. Profesa alibaki amekaa. Kumbe ni meno! Meno yakitengenezwa, mama atarudi kuwa mama.

Tangu siku hiyo hakumpa mama nafasi ya kupumua. Alificha sukari. Jioni alisimama mbele yake kama askari. "Juu bado, mama. Sugua na nyuma."

Jioni moja mama aliushusha mswaki. "Mwanangu, unadhani mimi sijui kupiga mswaki? Mkono wenyewe mzito. Kuunyanyua tu nachoka."

"Basi wewe hutaki kupona!" Profesa alifoka.

Alijuta papo hapo, lakini maneno yalikuwa yameshamtoka. Mama aligeukia ukutani.

Jumamosi shavu la mama lilivimba, wakaenda zahanati. Daktari wa meno, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimpiga sindano ya ganzi, akaling'oa gego, akampa pamba aiume. Profesa hakuweza kuvumilia.

"Daktari, sasa huzuni yake itaisha lini?"

"Huzuni gani tena?"

Profesa alieleza utafiti wake wote. Daktari alivua glavu, akavuta kigoda.

"Utafiti unasema vitu hivyo viwili huonekana pamoja. Sasa nani kakwambia meno ndiyo yaliyoanza? Mtu akielemewa na huzuni, hana nguvu ya kupiga mswaki, wala ya kuja huku kwangu. Meno yanaoza. Yakioza yanauma, mtu hapati usingizi, anaona aibu hata kucheka, na huzuni inazidi. Ukiishia nusu ya habari, mwanangu, utamlaumu mgonjwa kwa ugonjwa wake."

Profesa aliinamisha kichwa. Aliona aibu kweli.

"Dada, hali hii ilianza lini?" daktari alimuuliza mama.

"Tangu tumzike mama yangu," mama alijibu, maneno yakimtoka upande kwa sababu ya ganzi. "Silali. Chakula hakipiti."

"Kuna mwenzangu chumba cha mwisho. Yeye hutibu huzuni kama mimi ninavyotibu jino. Nikupeleke?"

"Daktari, mimi si mwendawazimu."

"Hata kidogo. Umeumwa bila mtu wa kumwambia. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mume wangu, nilikwenda kukaa kwenye kiti cha wagonjwa chumbani kwake."

Mama alisita, akamtazama binti yake, kisha akainuka.

Profesa alingoja kwenye benchi mpaka akasinzia. Alipofumbua macho, mama alikuwa ameketi kando yake, macho mekundu.

"Amesema nitapona, ila itachukua muda. Nitakuja tena wiki ijayo." Mama alimwangalia usoni kwa makini, kama hakuwa amemwona siku nyingi. "Na wewe je? Umechoka?"

Profesa alitaka kusema hapana, kama alivyozoea kuwaambia watu wote. Lakini mama alikuwa bado anamtazama.

"Nimechoka, mama. Nimechoka sana." Akaangua kilio palepale, mbele ya wagonjwa.

Mama alimvuta kifuani. "Lia tu. Leo leo namwita mjomba wako aje atusaidie. Kosa letu ni moja, mwanangu. Wewe umenisoma kwenye gazeti, mimi nimekuacha unyamaze, na tunalala nyumba moja. Kuanzia sasa tuulizane, na anayeulizwa aseme kweli."

"Nilikufokea."

"Ulinifokea, na iliniuma kuliko jino," mama alisema, akimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Haya, niulize sasa."

"Unaumwa wapi, mama?"

Mama akaanza kumweleza.