Kaporali Alirudi Siku ya Alhamisi

Mtoto wa paka hakumwogopa Kaporali mwenyewe, paka mwenyeji, maana alikuwa hajamwona bado. Aliogopa kitambaa chake.

Rosine alikuwa amefuata utaratibu wote alioukuta kwenye telefone. Paka wawili hawakutanishwi siku ya kwanza: mgeni afungiwe chumba chake, mwenyeji aendelee na nyumba yake, kisha kitambaa alicholalia huyu kipelekwe kwa yule na cha yule kwa huyu, wazoeane kwa pua kabla ya macho. Miaka kumi na moja Rosine alikuwa akifundisha biolojia katika sekondari ya wasichana, na jambo lolote lenye hatua za kufuata lilimtuliza. Alikata shuka kuukuu vipande viwili. Mama mkwe wake, Koko Ernestine, alimtazama kutoka kwenye kiti cha jikoni huku akimpaka mgeni mafuta ya mawese kwenye nyayo, ili akijilamba asahau njia ya alikotoka.

“Mama Daniella, ile paka zako zitaandikiana barua mpaka lini?”

“Mpaka zizoeane, Mama.”

“Kwetu Butembo tulikuwa tunazifungia zote mbili mu jikoni. Asubuhi tunaangalia nani amebaki.”

Rosine akacheka, akamchukua mgeni, akamrudisha chumbani kwake na kuweka kitambaa cha Kaporali mbele yake. Yule kiumbe wa rangi ya majivu, ambaye Daniella alikuwa ameshampa jina la Bisikuti, alisogeza pua mara moja tu. Manyoya yakamsimama mgongoni. Akarudi nyuma hadi ukutani, akajikojolea, akalia kwa sauti usiyoweza kuamini inatoka katika mwili unaoenea kiganjani.

Rosine alikiokota kitambaa akakinusa mwenyewe. Shuka iliyolaliwa na paka dume usiku mzima inapaswa kunuka. Hii haikunuka kitu, si manyoya, si sabuni, si vumbi. Ila kulikuwa na mchomo mdogo juu ya pua, kama ule wa soda inapokupanda.

Kaporali naye, alipopewa kitambaa cha mgeni, hakukinusa. Alikikalia. Hilo ndilo lililomkera Rosine zaidi. Huyu alikuwa paka mwekundu aliyezaliwa katika kambi ya jeshi ya Katindo, akaletwa mtaani Mapendo, hapa Goma, na cheo chake na tabia zake, aliyewahi kumpandisha mbwa wa jirani juu ya rundo la matofali. Sasa alikalia harufu ya paka mwingine kama mtu anayengojea kuitwa ofisini.

Wiki ile Kaporali alikuwa amepotea tangu Jumapili. Daniella, mwenye miaka saba na moyo usiojua kiasi, alilia siku tatu mfululizo, hadi Koko akapiga simu mji wa Kiwanja kwa ndugu yake, na ndugu akaahidi kuleta mtoto wa paka ndani ya kikapu cha maharagwe, kwa pikipiki. Alhamisi jioni kabla mgeni hajafika, mlango ukakwaruzwa. Rosine akafungua. Kaporali alikuwa ameketi kwenye ngazi, msafi, bila jeraha, bila tope, na hakuingia. Alimtazama tu, mpaka Rosine akasema, “Ingia basi, mzururaji wee.”

Ndipo akaingia.

Ijumaa Bisikuti akafika, na nyumba iliyokuwa haina paka ikawa na wawili.

Jumamosi asubuhi Daniella aliamka na kichwa kinamuuma. Jumapili hakuweza kusimama vizuri. Alisema miguu imelala. Jumatatu midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Rosine hakuipenda, ile ya vidole vilivyokaa muda mrefu ndani ya maji. Kufika saa nne alikuwa akicheza kama kawaida. Kesho yake, vilevile. Na kila alfajiri, kabla mtoto hajaamka, Bisikuti alipiga kelele kule chumbani kwake na kuparua mbao za ukuta uliomtenga na Daniella, bila kupumzika, mpaka mtoto alipoketi kwenye matela yake, lile godoro la sakafuni, na kuanza kukohoa.

“Unaona sasa?” Koko alinong'ona, maana tangu Jumamosi watu wa nyumba ile walikuwa wamezoea kunong'ona. “Ile kitu inaita. Inaita, na mutoto anaugua. Tuliitoa kwa mikono ya nani kule Kiwanja?”

“Ya ndugu yako, Mama.”

“Ndugu yangu aliipata kwa mutu. Na ule mutu?”

Rosine hakuamini kelele za paka kuwa ugonjwa. Lakini mwalimu asiye na jibu huanza kumshuku kila mtu. Alishuku mbabula, jiko lao la mkaa, akatoa makaa yote nje. Alishuku malaria, kipimo kikakataa. Alishuku dirisha, akaliacha wazi, wakapata baridi bure. Mwishoni alimshuku Koko mwenyewe na dawa zake za mizizi, akaichungulia sufuria ya uji Koko akiwa msalani, kisha akaona haya, kisha akaichungulia tena.

Jumatatu ile jioni aliketi pembeni ya matela. Mbao za kitanda cha Daniella zilikuwa zimevunjika tangu Pasaka, na mtoto alilala sakafuni, jambo ambalo baba yake, Kambere, aliahidi kulirekebisha kila aliporudi kutoka safari za biashara. Kaporali alikuwa amejikunja juu ya kifua cha mtoto.

“Hakulemei?”

“Hapana. Haiko na uzito.” Daniella alifikiri kidogo. “Mama, Kaporali anakoroma lakini tumbo yake haipandi.”

“Inapanda, wewe huoni tu.”

“Haipandi. Anangojea yangu ipande, ndipo anaweka pua hapa.” Akagusa mdomo wake.

Rosine aliweka kiganja juu ya mbavu za paka. Mngurumo ulikuwepo, wa chini, kama gari linalongojea barabarani. Aliuacha mkono pale muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha akauondoa haraka na kujiambia kwamba paka wakubwa hupumua polepole.

Jumanne Koko alishinda ugomvi. Alinyunyiza maji ya baraka chumba cha Bisikuti, akatupa chumvi kwenye pembe nne, na muzee Habarurema, jirani yao, mjenzi wa kuta za mawe ya volkano, akakubali kumchukua kiumbe kwa sababu kwake panya walikuwa wanatembea mchana. Daniella alilia. Rosine hakumtetea Bisikuti, na hilo alilikumbuka baadaye.

Alfajiri ya Jumatano hakuna aliyepiga kelele. Rosine alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata wiki nzima, akaamka mwenyewe, dirisha likiwa limeshaanza kuwa jeupe, akajinyoosha, akafurahia ukimya, akaufurahia kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi labda, kabla ya kutambua kwamba ukimya ule ulikuwa mkubwa mno, kwamba hata kikohozi hakikuwamo ndani yake, na miguu yake ilikuwa imeshafika mlangoni pa Daniella kabla akili haijaiambia iende.

Mtoto alikuwa wa rangi ya majivu. Kaporali alilala juu yake, pua juu ya mdomo, macho wazi. Rosine alimnyakua Daniella kutoka sakafuni, akamwinua juu ya mabega yake kama mtu anayevusha mtoto mtoni, akakimbia naye hadi nje kwenye mawe, akampiga mgongoni, akamwita, akampiga tena, huku Koko akiita watakatifu wote anaowajua na wengine wa kubahatisha, mpaka kile kifua kidogo kikavuta hewa kwa sauti ya mlango mbovu, mara moja, kisha mara ya pili, kisha mtoto akatapika na kuanza kulia, na kilio kile kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote Rosine alivyowahi kusikia.

Habarurema aliwakuta hapo hapo. Alikuwa amembeba Bisikuti ndani ya kofia yake.

“Samahani, mama mwalimu. Ile kitu yenu imelia tangu saa kumi. Inaangalia nyumba yenu na kulia. Bibi yangu amesema mi na paka tuchague nani anarudi.” Kisha akamwona mtoto. Kisha akatazama juu ya bega la Rosine, mlangoni, na akaikumbatia kofia kifuani. “Ile ni paka gani?”

“Si ni Kaporali,” Rosine alisema.

“Hapana, mama.”

“Muzee, Kaporali umemujua tangu mudogo.”

“Nilimujua. Na nilimuzika.” Alisema polepole, akitazama chini. “Siku ya pili vile alipotea, ile Jumatatu. Nilienda kutoa mawe kwenye parsele, ule uwanja wa nyuma, pale penye shimo. Alikuwa chini kabisa. Mazuku ilimushika. Nilifunga pumzi, nikashuka, nikamufunika na mawe. Nikaona mutoto atalia sana, nikasema nitanyamaza. Ataamini amepata nyumba ingine.”

“Ulinyamaza,” Rosine alisema.

“Nilionea mutoto huruma.”

“Huruma gani hiyo, muzee? Huruma gani?”

Mazuku aliijua kama kila mtu wa Goma anavyoijua. Kila mwaka aliichora ubaoni. Ni hewa inayotoka kwenye mipasuko ya mawe, haina rangi, nzito kuliko hewa yetu, inajaa mashimoni kama maji. Mtu mzima anapita na mbuzi wake anaanguka. Wanafunzi wake walijifunza kuipima kwa mshumaa: unapozimika ndipo usipoweza kuishi. Basi alimpa Koko mtoto, akaingia ndani, akawasha mshumaa na kuuweka sakafuni. Ukawaka. Akausogeza kwenye matela, ukawaka. Akausogeza karibu na Kaporali, na mwali ukalala, ukawa wa buluu, ukafa. Akauwasha tena pembeni. Kaporali akainuka, akatembea taratibu hadi pale, akaketi, na mwali ukafa tena.

Hakuwa amemkwepa hata kidogo. Alimtazama kama mwanafunzi anayejua kwamba mwalimu amechelewa kuelewa.

“Nitamufukuza na fimbo,” Rosine alisema alipotoka. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Atarudi. Nimevunja mawe miaka makumi tatu, mama. Kule juu mbuzi ya watu ilirudi vile. Waliifukuza, ikarudi, wakaifukuza, ikarudi. Walikuwa watu sita mu ile nyumba.” Hakusema wamebaki wangapi. “Ile si paka. Ni jini mwenye shimo. Anavaa kile alichoua, anatafuta pumzi, maana yeye hana. Na haingii bila kuitwa. Nani alimufungulia?”

Koko alimtazama Rosine. Rosine hakumtazama mtu.

“Mwenye alimukaribisha ndiye anamurudisha. Kwa mikono. Lakini asubuhi vile upepo haujaamka, shimo imejaa. Ukishuka, usipumue. Hata kidogo.”

Siku nyingine Rosine angekuwa na maswali. Daniella alikohoa kwenye mapaja ya Koko, na maswali yakaisha.

Kaporali hakupinga kubebwa. Hakuwa na uzito wowote, alikuwa kama shati lililoachwa kwenye kamba, baridi, akinguruma. Alivuka naye parsele ya nyuma, juu ya mawe meusi, Habarurema akimfuata hadi ukingoni na kusimama. Shimo lilikuwa na kina cha mtu mmoja na nusu. Nyasi za juu zilikuwa za kijani na za chini zimekauka, na mstari kati yake ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula. Rosine alivuta pumzi kubwa, akafunga mdomo, akashuka.

Chini aliliona rundo la mawe. Hakuna jiwe lililokuwa limesogezwa. Kati ya mawe mawili ulitokeza mkia mwekundu wenye ncha nyeupe, uliokwishakauka, na mkia huohuo, wenye ncha ileile, ulikuwa umezunguka kifundo cha mkono wake, na macho yalianza kumuuma, na mngurumo uliokuwa katika mikono yake ulikuwa sasa unasikika kutoka kwenye mawe yote, mbele na nyuma na chini ya nyayo zake, na yule aliyembeba aliinua uso taratibu na kuweka pua yake ya baridi kwenye midomo yake iliyofungwa, akangojea, na Rosine alihisi kwamba anaweza kungojea hivyo mwaka mzima. Hakupumua. Aliinama ili amweke chini ya mawe.

Mikono ilikuwa mitupu.

Hakumwona akiruka, wala akianguka. Hakungoja kumtafuta. Alipanda kwa magoti na kucha mpaka juu, Habarurema akamshika kiwiko.

“Umemuacha?”

Rosine akatikisa kichwa kuitikia. Walirudi bila kuzungumza. Uani Koko alikuwa akilia na kucheka, akimshukuru Bikira, akamkumbatia, akamwambia mutoto amekunywa chai, amekula mandazi, ako ndani anacheza na Bisikuti, midomo imekuwa myekundu. Rosine akatabasamu. Alinawa mikono kwenye beseni, akaikausha kwenye kitenge chake, akaenda kwa mwanawe.

Daniella aliketi juu ya matela na kamba ya kiatu mkononi. Alikuwa na rangi yake yote. Bisikuti aliiachia ile kamba, akageuka mlangoni, akasimama kati ya mtoto na mama yake, na manyoya yakaanza kuinuka, kwanza mkiani, kisha mgongo mzima.

“Mama, ingia,” Daniella alisema. “Angalia vile anaruka.”

Nyuma, Koko alimgusa begani. “Pumua sasa, mama. Imeisha. Pumua.”

Rosine alijaribu kukumbuka ni wapi alikuwa amepumua. Si ukingoni, pale Habarurema alipomshika. Si njiani kwenye mawe, wala kwenye beseni. Alitazama chini, kwenye vifungo vya blauzi yake, akavitazama kwa muda mrefu, na havikupanda wala havikushuka. Hakuwa na haja ya hewa. Ila aliisikia, waziwazi kupita sauti nyingine yoyote nyumbani mle, pumzi ndogo ya moto iliyoingia na kutoka kinywani mwa mwanawe, yenye harufu ya chai na mandazi, na mguu wake wa kulia ulikuwa tayari umeinuka kuvuka kizingiti.

“Ingia, mama,” mtoto akasema tena.

Rosine akaurudisha mguu. Ilimchukua nguvu zake zote. Alichomoa ufunguo uliokuwa ndani, akauvuta mlango, akaufunga kutoka nje, na ili yeye mwenyewe asibaki nao, akaubonyeza ufunguo ndani ya kiganja cha Koko mpaka ukaacha alama.