Boti Iliyokataa Kupanda Juu ya Maji

Nitegeeni sikio kidogo, ndugu zangu wa Babati, nanyi wa Bonga na Sigino mnaokuja mjini siku za soko. Habari hii imetokea katika nyumba ninayoishi mimi mwenyewe, nyumba ya dada yangu Irine na mume wake Sosthenes. Simsemi shemeji yangu kwa ubaya. Ni yeye aliyeniambia, "Andika, Eme, na wengine wasikie."

Jumapili asubuhi, ukitoka misa ya kwanza ukashuka mpaka ufukweni, utakuta ziwa limetulia mpaka mlima unauona umelala ndani ya maji. Viboko wamezama, wameacha masikio na pua tu. Wanawake tunafua, wavuvi wanatandaza nyavu, hakuna anayepaza sauti. Katika utulivu huo ndipo shemeji alipokuwa akisukuma boti yake majini.

Ilikuwa boti ya mpira, ile ya kujazwa upepo, ina injini nyuma. Aliachiwa na watu waliokuja kupima kina cha ziwa, ambao aliwafanyia kazi miezi mingi. Akiwa peke yake ndani, nasema kweli, ilikuwa ajabu. Anavuta kamba, anazungusha mkono wa injini, pua ya boti inainuka kama inataka kusimama. Halafu ghafla pua inashuka, na boti nzima inatoka ndani ya maji, inakuwa juu ya maji. Haiyakati tena. Inateleza kama tone lililodondokea kikaango cha moto. Mara ya kwanza kuiona nilisahau kwamba nasuuza shuka, likachukuliwa na maji. Wote pale ufukweni tulinyamaza, hata watoto wabishi.

Tatizo lilianza na ukimya ule. Shemeji aliupenda. Sasa akataka boti ipande hivyo hivyo ikiwa imejaa watu, mji mzima uone. Kwanza ilikuwa Jumapili tu, baadaye na Jumamosi, mwisho hata siku za kazi. Shamba letu la maharage ng'ambo ya ziwa likabaki la Irine, na mtoto wao Venance, wa miaka mitatu, mgongoni.

Na boti ilikataa. Akishapakia watu, pua inaangalia mbinguni, nyuma inazama, injini inalia, na wimbi linawafuata kama tuta la viazi. Vijana ufukweni hawakumwonea huruma.

"Sosthenes, unalima ziwa?"

"Mwaka huu unapanda nini humo, mpunga?"

"Ongeza ng'ombe wa pili, baba!"

Anarudi nyumbani amenuna, hali chakula, anamfokea dada kwa sababu ya chumvi.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo. Nikifua nilikuwa naangalia. Shemeji alikuwa na utaratibu wake wa heshima: mgeni mkubwa anakaa nyuma kabisa, karibu na dereva, asirushiwe maji. Anayefuata kwa heshima anakaa karibu na huyo. Mbele kunabaki patupu, kama kiti cha kanisani ambacho hakuna anayetaka kuonekana amekikalia. Siku moja aliwachukua watoto wa jirani, na watoto hawajui heshima, wakakimbilia puani wote kuona maji. Boti ikapanda. Yeye akadhani ni mafuta mazuri.

Jioni nikamwambia, "Shemeji, injini haina kosa. Watu wako wanalemea nyuma. Wapeleke mbele."

Akacheka. "Kwa hiyo nimkalishe mwenyekiti wa mtaa kwenye mawimbi, aloe kama bata?"

"Aloe kidogo tu, mpaka ipande."

"Eme, wewe fua. Injini tuachie wenyewe."

Dada akasema kwa upole, "Baba Venance, msikilize tu." Akajibiwa kwamba nyumba hii imejaa mainjinia. Yakaishia hapo. Ninyi mnaosoma, mnazijua nyumba ambamo maneno huishia hapo.

Mwezi wa tano mvua za mwisho zilikata barabara ya kuzunguka ziwa. Bajaji haipiti, bodaboda haipiti. Mama yetu alikuwa ameshuka kutoka Mbulu kusaidia kuvuna. Shemeji akatuvusha asubuhi kwa safari mbili, akarudi mjini. Saa nane mchana tukamwona anakuja, safari hii na rafiki yake Bwana Hamdani, mwenye duka la vitambaa, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno mengi, amekuja kutembezwa.

Jua lilikuwa kali na sisi tulikuwa tukipiga maharage kwa fimbo juu ya turubai. Venance alikuwa anachezea punje, anajaza mdomo, anatema. Bwana Hamdani aliposhuka akateleza kwenye tope, akakaa chini na kanzu yake.

"Shamba lenu limenikaribisha vizuri!" akasema.

Venance akacheka kwa nguvu. Kicheko kikakatika katikati.

Dada alimwinamisha, akampiga mgongoni. Akakohoa, akakohoa tena, haikutoka kitu. Kisha tukasikia pumzi yake inapiga mluzi mwembamba, na kila mluzi ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia. Haragwe lilikuwa limeingia njia ya hewa.

"Baba Venance, boti!"

Tulikimbia. Shemeji akarukia injini, na mazoea ni mazoea. "Wote nyuma, karibu na mimi!" Dada akakaa kando ya goti la mumewe amemshika mtoto wima, Bwana Hamdani pembeni, mimi nikabanwa katikati. Mama aliingia mwisho, akachuchumaa mbele yetu kidogo.

Injini ikaunguruma. Pua ikapanda juu, juu, mpaka shemeji hakuona tena mbele. Nyuma tukazama. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni kwenye tope, na ng'ambo mjini ilikuwa mbali kama jana. Kelele ilifunika ule mluzi, kwa hiyo dada alibandika sikio kifuani mwa mtoto. Midomo ya Venance ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Sasa sikilizeni. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Goti haligusi goti, wala mkwe hamwambii mama mkwe kaa hapa, toka pale. Boti ilivyoinama nyuma, sakafu ikawa mteremko, na mama akawa anateleza kidogo kidogo kuelekea magoti ya shemeji. Akajivuta, akateleza tena. Mwisho akashika kamba ya pembeni, akapanda kwa magoti mpaka puani kabisa, akaikumbatia pua ya boti kama mtu aliyekumbatia ndama. Alikuwa anakimbia aibu tu.

Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Akaniambia mimi, "Eme! Mwambie mama arudi, ataanguka!"

Lakini mimi nilikuwa naiangalia pua. Ilikuwa imeshuka kiganja kimoja.

"Simwambii," nikasema. Nikaanza kutambaa mbele. "Bwana Hamdani, njoo!"

"Mimi? Na uzito huu?"

"Uzito huo ndio tunaoutaka!"

"Nahodha hapa ni nani?" shemeji akafoka.

Dada hakuinua hata kichwa. "Mwanao anazimika, Sosthenes. Waache waende. Na mimi nakwenda."

Akatambaa na mtoto wake mkono mmoja, nikampokea. Bwana Hamdani akaja nyuma yetu kwa magoti, anasema bismillahi kila hatua. Tukawa tumekusanyika mbele wote kama kuku kwenye mvua, maji yakitupiga usoni.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeiona mara nyingi nikiwa ufukweni. Kuwa ndani ni kitu kingine. Boti ilisita, kama mtu anayefikiri. Kisha nilisikia chini yangu kitu kinaachia, lile tuta la maji lililokuwa likituvuta likabaki nyuma, na kilio cha injini kikageuka kuwa wimbo. Tukapanda. Ziwa zima likawa kama kitambaa kilichonyooshwa, nasi tunapita juu yake bila kukikunja. Machozi yalinitoka, na si ya huzuni. Bwana Hamdani, mwenye maneno yote yale, alinong'ona tu, "Subhanallah."

Mama aliinua mkono wake wa kulia. Viboko! Migongo minne, mbele yetu. Shemeji sasa alikuwa anaona, lakini aliufuata mkono ule. Ulipoelekea kushoto, alikata kushoto. Uliponyooka, alinyoosha. Tukaenda hivyo mpaka boti ilipogusa mchanga.

Bajaji ilitufikisha hospitali. Daktari aliingiza chombo chake, akatoa haragwe limeshaanza kuvimba, akaliweka kwenye sahani ya chuma. "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine," akasema. Venance akavuta pumzi ndefu, kisha akalia kwa sauti yake yote. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Nje, shemeji alisimama mbali na mama kama inavyopasa, suruali inachuruzika maji. Walishasalimiana asubuhi. Akainama tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Basi.

FUNZO

Ugonjwa uliokuwa nyumbani kwetu unaitwa kupenda sifa. Unamfanya mtu awakalishe wageni pazuri huku familia yake inazama, na unamziba masikio asisikie jambo jema kwa kuwa limesemwa na mke, au na shemeji anayefua. Sisemi heshima ni mbaya. Heshima ya mama yangu ndiyo iliyompeleka mbele. Heshima mbaya ni ile ya kupanga viti kwa vyeo. Nanyi akina mama, tuwaangalie watoto tunapopiga maharage, punje si kitu cha kuchezea mdomoni. Na wewe mwenye nyumba, ukiona chombo chako kimegoma, usikimbilie kuongeza moto. Geuka kwanza, uwaulize uliowapakia wameona nini.