Ulimi wa Mshonaji

Nyumbani kwa seremala, asubuhi huanza kwa kelele. Msumeno unalia barazani. Cherehani inaitikia ndani, maana mke wake ni mshonaji wa sare za shule. Uani, mama yake seremala anapalilia bustani na kuugombeza kila mmea unaochelewa kuzaa. Wana mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano, asiyechoka kuuliza maswali.

Mshonaji alikuwa ameolewa miaka sita, lakini mama mkwe bado alimwita Bibi Harusi. Hakumwita hivyo kwa mapenzi. Bibi harusi huruhusiwa kuchagua chakula siku moja tu, na huyu alichagua kila siku. Mboga chungu zilimshinda. Kahawa ilimkunja uso. Hata kwenye bilinganya alisikia uchungu ambao wenzake hawakuusikia.

"Una ulimi wa kitajiri," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Sisi wengine tunakula alichotujalia Mungu."

Mshonaji alimeza mboga, akameza na maneno. Kitu kimoja tu kilikataa kupita kooni. Binti yake alikuwa na ulimi kama wake, na sasa kejeli zilianza kumwandama mtoto. Hilo lilimuuma sana.

Jumapili moja mama mkwe alivuna mumunye la kwanza la msimu. Lilitokana na mbegu alizozihifadhi mwenyewe mwaka uliopita. Alikata nusu, akaimenya, akaiunga kwa vitunguu na nyanya. Siku hiyo hakutaka kusaidiwa.

"Wewe onja chumvi tu," alimwambia mkwewe, akimpa mwiko.

Mshonaji alidondosha mchuzi kiganjani, akaulamba. Ulimi ukakakamaa. Alitema nje, akasukutua kwa maji, lakini uchungu ukabaki palepale. Haukuwa uchungu wa mboga za majani. Ule aliujua vizuri.

"Mama, mumunye hili ni chungu. Tusilile."

"Kwako wewe, nini si kichungu?" Mama mkwe naye akaonja. "Mbona mimi sisikii kitu?"

Seremala akaitwa aamue. Akaonja, akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa kutaka amani, na watu wa namna hiyo hawana msaada nyumba ikiwaka moto.

"Kauchungu kapo," alisema. "Lakini kanavumilika. Tieni sukari kidogo."

Sukari ikatiwa. Chakula kikapakuliwa. Mama mkwe akaanza kula harakaharaka, kama mtu anayetoa ushahidi. Mtoto akatia kijiko mdomoni, akatema kwenye sahani.

"Bibi, ni chungu."

"Chakula hakitemwi. Kula. Huinuki hapa mpaka sahani iwe nyeupe."

Mtoto alimtazama mama yake, machozi yakimlengalenga.

Hapo mshonaji akachoka. Miaka sita ilimpanda kooni kwa mpigo mmoja. Aliondoa sahani ya mtoto, akaondoa ya mumewe ambayo ilikuwa haijaguswa, akachukua na sufuria. Alitoka uani, akamwaga vyote kwenye shimo la taka.

"Umemwaga chakula cha mama yangu?" seremala aliuliza.

"Nimekimwaga. Mtoto wangu halazimishwi kumeza kitu ambacho ulimi wake umekikataa. Na wewe pia huli."

Mama mkwe alimnyooshea kijiko. "Ulikuja hapa mpole, mwanamke wewe. Ama kweli mumunye huharibikia ukubwani."

Akavuta sahani yake karibu, akaimaliza yote.

Haikuchukua muda, tumbo likaanza kumsokota. Alitapika, akaharisha, akatapika tena. Jasho lilimtoka, akalalamika kizunguzungu. Seremala alisimama katikati ya chumba akiuliza afanye nini. Mshonaji alikata kipande cha ile nusu mbichi iliyobaki, akakitia mfukoni, akamwita jirani yao. Jirani huyu alikuwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lile, na alikuwa na gari la kazi. Wakamkimbiza mgonjwa zahanati.

Muuguzi alimtundikia dripu. Alisema wamefanya vizuri kuwahi, maana kutapika na kuhara kunaweza kummaliza mtu nguvu upesi. Mama mkwe alipotulia, mshonaji alitoa kile kipande. Bibi shamba alikigusa kwa ncha ya ulimi, akatema hapohapo.

"Hili lina sumu," alisema.

"Lakini lilipikwa," seremala alisema. "Tukatia na sukari."

"Moto hauiondoi sumu hii. Sukari inaficha uchungu tu, sumu inabaki."

"Mbona mama hakusikia kitu?"

"Watu hatukuzaliwa na ulimi wa aina moja, jirani. Yupo anayesikia uchungu sana, yupo anayesikia kidogo, na yupo asiyesikia kabisa. Mara nyingi mtoto hurithi kwa mzazi. Na umri ukisogea, ulimi nao huchoka. Mkeo na binti yako hawadeki. Wanasikia kweli."

"Kuna mboga chungu tunakula kila siku, na hatufi," mama mkwe alisema kitandani, kwa sauti dhaifu lakini ya ubishi.

"Ni kweli, mama. Hizo uchungu ni asili yake. Anayeusikia sana, mchemshie kwanza, mwaga maji, kisha ziunge kwa mafuta na nyanya. Usimlazimishe. Lakini mumunye, boga na tango la kula havitakiwi kuwa vichungu. Ukikuta kimoja ni kichungu, tupa chote."

"Mbegu zilikuwa zangu mwenyewe. Mwaka jana tulikula, lilikuwa zuri."

"Na vile vibuyu vilivyotambaa kwenye uzio wenu ni vya nani?"

Seremala akainama. Vilikuwa vyake. Kila mwaka alivikausha, akavipaka vanishi, akaviuza kama mapambo.

"Vibuyu na mumunye ni ndugu," bibi shamba alisema. "Vibuyu vingi ni vichungu. Nyuki hutoka ua hili kwenda lile, wala haombi ruhusa. Tunda la mwaka jana lilikuwa salama, ila mbegu zake zilikuwa zimeshachanganyika. Ng'oeni mimea hiyo, mnunue mbegu mpya. Na kabla ya kupika, mtu mzima akate kipande kidogo kibichi, akiguse kwa ulimi, ateme."

Mama mkwe akageukia ukutani.

"Pole, mke wangu," seremala alisema.

"Sitaki pole. Nikisema kitu ni kichungu, nataka niaminiwe. Mimi na mtoto wangu."

Mama mkwe hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Lakini alipopona aling'oa mimea yote mwenyewe, na vibuyu vya mwanawe akaving'oa pia bila kumuuliza. Mboga chungu sasa zilichemshwa na kumwagwa maji. Mtoto alianza kuzila kidogokidogo, kwa hiari yake, na hakuna aliyemhesabia vijiko.

Miezi ikapita. Siku moja dada yake seremala alikuja kuwatembelea. Alileta mumunye kubwa kutoka bustanini kwake. Mshonaji alikata kipande, akakigusa kwa ulimi, akatema.

"Samahani, wifi. Hili halipikwi."

Wifi yake akacheka. "Nimesafiri nalo asubuhi nzima, halafu wewe unalitema? Mama, huyu bado hamjamfunza adabu?"

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Hata ungelibeba kichwani kwa miguu," alisema. "Mkwe wangu amesema ni chungu. Kalitupe, kisha unawe mikono uje unisaidie maharage."